Anza na linaloteleza

Jamani, nimesikia. Kwenye kipindi cha wiki mbili zilizopita nilisema sentensi moja tu, mwishoni kabisa, kwamba bagi la 4WD linamlemaza dereva anayeanza. Tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika. Jumbe za sauti kutoka Minneapolis, kutoka Reading, na moja ndefu kutoka Muscat, ya kaka anayekimbiza mabagi makubwa ya 1/8, ambaye aliniambia kwa heshima zote, "Dada, samahani, lakini hapo umekosea." Mwenzangu wa kipindi alicheka, akasema hili haliishi kwa maikrofoni, kaandike. Basi naandika.

Kwanza kwa wale waliodhani tunaongelea vitu vya watoto. Bagi ninalosema ni gari la mashindano la kuendeshwa kwa rimoti. Saizi inayopendwa zaidi ni 1/10: urefu kama kutoka kiwiko chako hadi ncha za vidole, uzito kama kilo moja na nusu. Lina shokapu nne zenye oili ndani, difu unayoifungua na kuifunga mwenyewe, na mota ya umeme inayokula betri ya volti 7.4. Mnakimbia dakika 5 kwenye njia ya udongo yenye kona, matuta na miruko, ninyi wenyewe mmesimama juu jukwaani. Ukimaliza mbio zako hukai. Unashuka, unasimama njiani, unawainulia wenzako magari yakipinduka. Daktari, fundi bomba, mtoto wa darasa la tano, wote wanashuka.

Mimi nakimbiza karibu na Houston, kwenye ukumbi wenye paa na njia ya mfinyanzi. Mwaka wa tisa huu. Kazi yangu ya mchana ni kupima udongo kabla watu hawajajenga juu yake, na udongo wa Houston una visa: ukinywa maji unavimba, ukikauka unapasuka, na msingi wa nyumba unapasuka nao. Mchana nalipwa kuutilia shaka. Jioni nalipa mimi ili nikimbize gari juu yake.

Maneno kwanza

Kabla ya kulinganisha magari, tukubaliane maneno. Mimi haya mambo niliyajifunza yote kwa Kiingereza, na siku ya kwanza nilipojaribu kumweleza Baba kwa nini nimeshika mkia, nilikwama. Nikawa naonyesha kwa mikono kama bubu. Baba akasikiliza, akasema, "Unamaanisha gari linakataa kona."

Ndiyo! Unakata usukani, lakini pua inaendelea kwenda kule kule ilikokuwa inaelekea. Linakataa kona. Nikamuuliza, na likifanya kinyume chake? Hakufikiri hata kidogo. "Mkia unatangulia."

Nilisahau kwamba Baba, kabla ya Marekani, alikuwa utingo kwenye lori la mjomba wake, njia ya kusini, Dar kwenda Lindi. Enzi hizo daraja la Rufiji halijajengwa. Unafika Ndundu unasubiri kivuko, unavuka, halafu kutoka pale hadi Somanga ni wewe na tope na Mungu wako. Baadaye akapewa usukani mwenyewe. Huku Houston ameendesha teksi miaka 22. Mimi na digrii yangu nilikuwa natafuta msamiati, kumbe ulikuwa umekaa sebuleni unaangalia mpira.

Kwa hiyo maneno tunayotumia ni manne. Linakataa kona. Mkia unatangulia. Linapiga mbizi, yaani ukifunga breki pua inainama. Linakaa, yaani ukibana mafuta nyuma inazama na mbele inakuwa nyepesi. Na ndiyo, najua ni betri. Kwetu hata betri ni mafuta.

Gari moja, sehemu mbili za mota

Watu wengi wanaposema bagi hili linaendesheka vizuri kuliko lile, wanalinganisha magari mawili, matairi tofauti, madereva tofauti. Hapo hujalinganisha kitu. Mimi nina bahati ya kuwa na Losi 22 ya zamani, la 2WD, yaani mota inazungusha magurudumu mawili ya nyuma tu. Lilikuja na vipuri vya kuiweka mota sehemu mbili: nyuma ya ekseli ya nyuma, au mbele yake, katikati ya gari. Jumatano moja nikachukua jioni nzima. Gari lile lile, matairi yale yale, dereva yule yule mwenye njaa ile ile.

Udongo ulikuwa umemwagiwa maji mchana. Saa ya kwanza, mota ikiwa katikati, mzunguko mmoja ulinichukua kama sekunde 19.2. Mota ikiwa nyuma, 19.6. Halafu njia ikakauka, vumbi likaanza kupanda kwenye kona mbili za mwisho. Nikarudia. Mota katikati, 20.3. Mota nyuma, 19.9.

Kwa nini? Tairi linashika udongo kadiri linavyokandamizwa. Mota ikiwa nyuma, uzito uko juu ya magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo hata kwenye vumbi linaondoka. Baba anasema ni kama lori: tupu linachimba shimo, lenye mzigo linatoka. Lakini mzigo ule ule, ukikaa nyuma ya ekseli, unainyanyua mbele. Ukibana mafuta ndani ya kona gari linakaa, magurudumu ya mbele yanakuwa kama pambo, linakataa kona. Ukikosea ukafunga breki ndani ya kona, breki ni ya nyuma tu, mzigo wote unataka kukupita. Mkia unatangulia, na unajikuta unaangalia ulikotoka.

Mota ikiwa katikati, uzito umekusanyika kati ya magurudumu. Gari linageuka haraka kwa sababu hakuna kitu kizito kinachobembea mwishoni. Kwenye miruko linatulia, linatua likiwa sawa. Udongo ukiwa na unyevu, ni raha tupu. Udongo ukikauka, unabana mafuta, mota inalia, gari halisogei.

Hii ndiyo historia yote ya 2WD kwa kifupi. Team Associated walitoa RC10 mwaka 1984, chasisi ya alumini ya rangi ya dhahabu, mota nyuma. Mwaka uliofuata Gil Losi Jr. akashinda nalo ubingwa wa dunia huko Del Mar, California. Mpangilio ule ukatawala karibu miaka 30, kwa sababu njia zilikuwa za udongo wenye vumbi na mashimo. Njia zikabadilika. Ulaya wengi wakahamia kwenye zulia na nyasi bandia, maana huwezi kushindana na mvua ya Uingereza. Huku Marekani mfinyanzi ukaingizwa ndani ya kumbi, ukashindiliwa, ukamwagiliwa hadi ukang'aa kama sakafu. Udongo unaoshika namna hiyo haukuhitaji tena mzigo nyuma. Mwishoni mwa 2013 Team Associated walitangaza B5 yenye mota nyuma pamoja na B5M yenye mota katikati, na leo ukienda kwenye mbio kubwa mota karibu zote ziko katikati.

Kuna njia nyingine huku wanamwagia hadi maji ya sukari ili mfinyanzi unate. Siku Baba alipoambiwa hilo alinyamaza muda mrefu. "Sukari hii hii?" Nikamwambia ndiyo. "Mwaka 1981 nimepanga foleni asubuhi mpaka adhuhuri kwa ajili ya kilo moja," akasema. "Na mnaimwaga chini."

4WD linakulipia madeni

Sasa 4WD. Sikusema ni gari baya. Kwenye njia ile ile, jioni ile ile, 4WD langu lilizunguka kwa 18.5 udongo ukiwa mbichi, na 18.9 ulipokauka. Angalia tofauti: udongo ulipoharibika, 2WD lenye mota katikati lilipoteza zaidi ya sekunde nzima, 4WD halikupoteza hata nusu. Kama unachotaka ni saa nzuri, mjadala umekwisha, nenda kanunue.

Lakini ona linavyofanya hivyo. Breki inashika magurudumu yote manne, kwa hiyo unaweza kuchelewa kuifunga. Umeingia kona kwa kasi kubwa mno? Bana mafuta, magurudumu ya mbele yanakuvuta kutoka. Umeruka vibaya, pua imeinama? Bana mafuta hewani, magurudumu manne yanayozunguka yanainua pua. Imeinuka mno? Breki kidogo, inashuka. Kila kosa lina dawa, na dawa karibu zote ni kidole kile kile: bana.

Ndiyo maana nasema linakulipia madeni. Ulikosea mita tatu kabla ya kona, gari likakulipia ndani ya kona, wewe hukuona bili. Unaweza kukaa miezi hivyo. Halafu siku moja udongo unakauka kweli, au unahamia njia nyingine, na bili zote zinakuja pamoja, tena kwa kasi kubwa zaidi, maana 4WD likishindwa halishindwi polepole.

2WD linakudai papo hapo. Kila ukibana mapema, linakataa kona. Kila ukifunga breki umechelewa, mkia unatangulia. Hakuna mkopo. Unajifunza kitu kimoja ambacho ndicho mzizi wa kuendesha kwenye udongo: uzito wa gari unahama, na ni kidole chako kinachouhamisha. Achia mafuta, uzito unakwenda mbele, matairi ya mbele yanauma. Geuka hapo. Pua ikishaelekea unakotaka, bana taratibu, uzito urudi nyuma. Ukishaijua hiyo, panda 4WD utaruka. Ukianza na 4WD hutalazimika kuijua, na wengi wetu hatujifunzi tusicholazimishwa.

Kaka wa Muscat

Sasa nakujibu. Ulisema kwenye udongo wenu mkavu, wenye mashimo, 2WD ni mzaha, na kwamba mabagi ya 1/8 ni 4WD yote na bado yanafundisha watu kuendesha. Nusu ya maneno yako nayakubali.

Bagi la 1/8 ni mnyama mwingine. Kilo tatu na zaidi, matairi makubwa yanayopita juu ya shimo ambalo 1/10 linaangukia ndani. Ukitumia la injini, una sentimita za ujazo 3.5 zinazochelewa kidogo kuitikia kidole, kwa hiyo inabidi ufikirie mbele. Fainali ya ubingwa wa dunia inakwenda saa nzima, unaingia kujaza mafuta na kutoka. Huwezi kudanganya saa nzima.

Ila angalia kinachokufundisha ni nini. Una difu tatu: mbele, nyuma, na ya katikati. Ukibana sana, magurudumu ya mbele yakawa mepesi, difu ya katikati inaupeleka msukumo huko mbele yanakozunguka bure. Ukiweka oili nyepesi katikati, gari linakuwa pole, nguvu zinapotea mbele. Ukiweka nzito, linavuta kwa yote manne na linakuadhibu kona ikiwa na vumbi. Yaani gari lako lina mdomo. Linakuambia umebana mno. Mabagi mengi ya 1/10 ya 4WD hayana hiyo difu ya katikati. Hayakuambii kitu, yanavuta tu. Kwa hiyo mimi na wewe tuna hoja moja: dereva anayeanza apewe gari linaloongea. Wewe kwako linaongea kwa difu, mimi kwangu linaongea kwa mkia.

Kosa langu mwenyewe

Nilitaka kuishia hapo, lakini sitakuwa mkweli. Hoja hii sikuipata kwenye saa za mizunguko. Niliipata kwa kumharibia mtu.

Mtoto wa dada yangu ana miaka 11. Krismasi iliyopita nilimnunulia 4WD, dola 480 na rimoti yake, na nilijiona mama mdogo bora kuliko wote Texas. Wiki ya tatu alikuwa anawapita watu wazima. Nikarekodi video, nikatuma kwenye grupu la familia, mashangazi wakamwaga mioyo. Mwezi wa sita wenye ukumbi wakafumua njia na kuweka udongo mpya ambao haujashikana. Vumbi tupu. Dogo akaanza kuanguka. Mara nne kwenye mbio za dakika 5, mara sita. Na kila kuanguka kunakula sekunde 5 hadi 10 ukisubiri mtu aje akuinue.

Akasema ni matairi. Nikanunua matairi. Akasema ni mota haina nguvu. Hapo nilipaswa kusimama, maana gari linaloteleza haliponi kwa kuongezewa nguvu, lakini nikanunua na mota. Hela ile, mnajua wenyewe hesabu zetu, ilikuwa ada ya muhula ya mtu fulani nyumbani. Akaanguka haraka zaidi. Jumamosi moja akaitupa rimoti ndani ya begi, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Gari bovu. Mimi sikuji tena." Kwenye gari njia nzima hakunisemesha.

Nyuma tulikuwa na Baba. Baba haendeshi tena. Ana presha ya macho, na mwaka jana daktari alimwambia funguo aziweke chini. Mtu aliyeendesha tangu ana miaka 19. Hakusema kitu, alizitoa mfukoni akampa Mama. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimchukua kwenda ukumbini ili asikae ndani tu, na nilidhani ninamfanyia hisani, maana gari la urefu ule, mita 20 kutoka alipo, yeye haoni zaidi ya kivuli kinachopita.

Tulipofika nyumbani akamwambia dogo, "Gari lako silisikii."

Dogo hakuelewa. Mimi pia. Baba akaeleza. La Ma'mdogo, lile la zamani, analisikia. Mota inalia juu ghafla, anajua matairi yameuacha udongo. Ikishuka taratibu, anajua kaachia mafuta, anaingia kona. Ikikatika ghafla, kafunga breki, na baada ya hapo anasubiri kishindo. Ameketi pale kwenye kiti cha plastiki miezi minane, anafuata mbio zangu zote kwa masikio. "Lakini la kwako ni mlio mmoja tu, zzzzz, halafu paa. Halisemi kabla ya kuanguka."

Nimekaa na magari haya miaka tisa na sikuwahi kuliwaza hilo. Lakini ni kweli kabisa. 2WD likipoteza udongo, matairi ya nyuma yanazunguka bure na mota inapanda sauti. 4WD kazi imegawanywa kwa manne, linateleza lote kwa pamoja, sauti haibadiliki sana. Onyo lipo, ila ni dogo, na mtoto wa miaka 11 mwenye kelele za ukumbi mzima kichwani halipati.

Wiki iliyofuata dogo alikuja kwa shingo upande. Nikampa Losi ya zamani, mota nimeirudisha nyuma. Mbio za kwanza alizunguka kama pia, nilihesabu mara nane. Watu wakacheka, na yeye akawa mwekundu wa macho. Baba akamwita. Nilikuwa karibu nikasikia. Hakumpa hotuba. Alisema, "Achia mafuta kabla ya kona. Siyo ndani ya kona. Kabla. Mimi nitakuwa nasikiliza."

Mbio za pili mara tano. Mbio za tatu mara mbili, na kwenye kona ya vumbi nikaisikia ile mota ikishuka mapema, taratibu, halafu ikapanda pole pole. Baba akapiga goti lake kwa kofi. Dogo alimaliza wa mwisho siku ile, tena kwa mbali. Njiani kurudi alikaa nyuma na Babu wake, akawa anamuuliza, "Babu, pale mkia ulitangulia kwa nini?" Alisema "mkia ulitangulia." Hajui kuhesabu kwa Kiswahili zaidi ya ishirini, lakini hilo analijua.

Mliyonipinga

Mlionitumia ujumbe mna hoja tatu, na sitazikwepa.

Ya kwanza: 4WD linafurahisha zaidi mwanzoni, na mtu asiyefurahi anaacha. Ni kweli. Kama ni mtoto wa miaka sita, au ni la kuchezea nyuma ya nyumba, mpe 4WD na Mungu ambariki. Mimi naongelea mtu anayetaka kushindana.

Ya pili: hakuna anayekimbiza mota nyuma siku hizi, kwa nini umfundishe mtu gari la makumbusho? Kwanza, kwa sababu la makumbusho ni bei rahisi. 2WD lina difu moja, halina mkanda wala shafti ya kupeleka nguvu mbele, vinavyoweza kuvunjika ni vichache. La zamani la mtu aliyehamia mota katikati unalipata kwa bei ambayo haitakufanya umfiche mama yako. Pili, kama njia yako ni zulia au mfinyanzi unaong'aa, sawa, weka mota katikati. Bado ni 2WD, bado linakudai papo hapo.

Ya tatu ilinigusa. Dada mmoja aliuliza, kwa nini sisi kila kitu lazima tuanze na kigumu? Wazazi wetu walipita kwenye tope ili sisi tusipite. Nimelifikiria sana. Sina jibu zuri, ila nina hili: sikumpa dogo 2WD ili ateseke. Nilimpa baada ya kuona kwamba kile chepesi kilimwacha peke yake siku mambo yalipoharibika, akiamini gari ndilo bovu, bila neno la kuelezea kilichotokea. Hili linaloteleza angalau lilimwambia.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza kwenye udongo haujabadilika. Nunua 2WD lililotumika. Hela inayobaki weka kwenye matairi yanayofaa udongo wa njia yako: yenye vipini virefu kama udongo umelegea, laini yasiyo na meno kama umekauka ukang'aa. Waulize wenyeji wanatumia nini, usiulize mtandaoni. Usiguse oili ya shokapu miezi mitatu ya kwanza. Usinunue mota. Ukiweza kumaliza dakika 5 umeanguka mara moja tu, ndipo ufikirie 4WD, na ukilishika utaona unaliendesha wewe.

Dogo ameshaanza kuniomba 4WD lake tena. Anasema yuko tayari. Wiki iliyopita alimaliza wa nne kwenye kundi la watu tisa, kaanguka mara mbili, na zote mbili alinieleza kosa lilianzia wapi. Mimi naona bado kidogo. Baba anaona tumwachie aamue. Jumamosi nitaweka magari yote mawili kwenye buti tuone atashika lipi.

Na kaka wa Muscat, Baba ana ombi. Hajawahi kusikia 1/8 la injini kwenye udongo. Tutumie mzunguko mmoja mzima. Usihangaike na video, sauti tu inamtosha.